Ndugu Akishikwa na Polisi: Namna ya Kufuatilia Haki Yake Mtwara na Lindi, na Mahali Wakili Anapoingia

Msimu mmoja wa korosho, kijana wa kijiji kimoja juu ya Uwanda wa Makonde alichukuliwa na askari nyumbani kwao saa moja asubuhi, akituhumiwa kuiba magunia mawili kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Katika daftari la kituo iliandikwa kwamba alikamatwa saa 1300. Sijui mpaka leo kama aliyeandika aliteleza tu alipoigeuza "saa moja" yetu kuwa saa ya kizungu, au kama alijua vizuri anachokifanya. Ninachojua ni kwamba saa sita za kijana yule zilipotea kwa mkato wa kalamu, na kwamba maelezo ya kukiri kosa yaliyochukuliwa saa tisa na nusu alasiri, nje kabisa ya muda unaoruhusiwa, yalionekana karatasini kuwa yamechukuliwa ndani ya muda. Mama yake alikuwa na simu ya kitochi. Gari lilipoondoka tu, alimpigia kaka yake aliyeko Masasi, na simu ikaonyesha 07:12. Aliniletea namba hiyo ikiwa imeandikwa kwa wino wa bluu kwenye daftari la mjukuu wake wa darasa la nne, chini ya hesabu za kugawanya.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na ninayoyaeleza hapa ni yale ninayowaambia watu wanaokuja kwetu wakiwa wameshikilia kanga kwa mkono mmoja na nauli ya kurudi kwa mkono mwingine. Nimeacha kwa makusudi kutaja namba za vifungu, kwa sababu namba hubadilika kila sheria zinapochapishwa upya, na mwananchi anayebishana na askari wa zamu kuhusu namba ya kifungu hushindwa hata pale ambapo haki ni yake. Shika jina la sheria na maudhui yake. Namba mwachie wakili.

Kabla ya kwenda kituoni

Tafuta daftari na kalamu kabla ya kutafuta nauli. Andika tarehe, mahali ndugu yako alipokamatiwa, watu walioshuhudia, namba ya gari au pikipiki iliyomchukua, na saa. Saa iandike kwa namna mbili, ya kwetu na ya simu: "saa moja asubuhi, yaani 07:00". Ukiandika "saa nne" peke yake, mtu anayesoma miezi minane baadaye mahakamani hatajua kama ni saa nne asubuhi, saa nne usiku, au ni muda wa saa nne mfululizo, na upande wa pili utachagua maana inayoufaa. Kama hujui kusoma wala kuandika, mwombe mtoto wa shule akuandikie, kisha weka dole gumba mbele ya mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji.

Unakwenda kituo gani? Mara nyingi watu wa Tandahimba au Newala huambiwa kwamba kijana "amepelekwa mkoani", wakapanda basi hadi Mtwara, kumbe alikuwa kwenye kituo kidogo cha kata muda wote. Anza na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatiwa, uliza kwa upole, na kila ukijibiwa kwamba hayupo, andika nani amekujibu na saa ngapi. Usiende kundi la watu ishirini. Nendeni wawili, mmoja wa kuongea na mmoja wa kukumbuka.

Ukifika kaunta, salimia, jitambulishe, taja uhusiano wako na aliyeshikwa, kisha uliza mambo manne bila kupandisha sauti: ameshikwa kwa kosa gani, ameingizwa saa ngapi, mpelelezi wa jalada lake ni nani, na namba ya RB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha kituo, ni ipi. Kusema "Afande, naomba unisaidie namba ya RB ili mwanasheria wetu asikusumbueni kwa simu" kumenifungulia milango mingi kuliko kutaja Katiba. Katiba itakuja, lakini siyo kaunta.

Saa nne, saa nane na saa ishirini na nne

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ndiyo inayotawala kipindi hiki, na ni sheria nzuri kuliko watu wengi wanavyoidhania. Mtu anapokamatwa anapaswa kuambiwa sababu. Polisi wana muda wa msingi wa saa nne wa kumhoji, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Afisa anayesimamia upelelezi anaweza kuuongeza muda huo kwa saa nyingine zisizozidi nane, lakini mtuhumiwa anapaswa kufahamishwa, na ukihitajika muda zaidi ni lazima mahakama iombwe. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, jambo ambalo kwa barabara zetu za mchanga lina uzito wake, na ndiyo maana saa ya kuondoka kijijini na saa ya kufika kituoni ziandikwe zote mbili. Aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kadiri inavyowezekana, isipokuwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo.

Ndani ya chumba cha mahojiano ndipo kesi nyingi za Kusini zinapotiwa chumvi au kutiwa sumu. Ndugu yako ana haki ya kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote zaidi ya kujitambulisha, na kwamba atakalosema linaweza kutumika dhidi yake. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kukataa kwa muda iwapo wana sababu ya kuamini kwamba mawasiliano hayo yatamtorosha mshirika wake au kuharibu ushahidi, lakini ni lazima sababu iwepo, na neno "hairuhusiwi" pekee si sababu. Maelezo yake yakishaandikwa, anasomewa au anayasoma, anarekebisha yasiyo sahihi, ndipo anasaini. Mkumbushe jambo moja ukipata hata dakika moja ya kuzungumza naye dirishani: asisaini karatasi ambayo hakusomewa, na akilazimika kusaini, aandike kando ya saini yake saa aliyokamatwa na saa anayosaini. Yule kijana wa magunia mawili hakuziandika. Angeziandika, mama yake asingehitaji simu.

Kuna jambo dogo linalowachanganya wengi: mkuu wa mkoa au mkuu wa wilaya naye anaweza kuamuru mtu akamatwe. Mamlaka hayo yamo katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, na yana mpaka wake, kwani mtu hawekwi ndani zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya hakimu, na sababu za kumweka ndani zinapaswa kuandikwa. Ukiambiwa kituoni kwamba "ni amri ya mkuu", uliza kwa adabu kama maandishi yake yapo kwenye jalada.

Dhamana ya polisi

Dhamana haina bei. Anayekuomba fedha kwa ajili ya dhamana kituoni anaomba rushwa, hata akiiita "ya mafuta ya gari" au "ya karatasi", na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, kitambulisho chako cha NIDA na mdhamini mwenye makazi yanayojulikana. Makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha hayana dhamana, na hapo usipoteze siku kaunta. Mtafute wakili moja kwa moja.

Jibu utakalolisikia mara nyingi zaidi ni kwamba "upelelezi haujakamilika". Upelelezi kutokamilika ni shida ya mpelelezi, na ndiyo sababu hasa dhamana ilitungwa, ili mtu asubiri nyumbani kwake huku kazi ikiendelea. Mwambie mkuu wa kituo hivyo, na akikataa, omba sababu. Hata asipokupa kwa maandishi, iandike wewe mbele yake. Nimeona mkuu wa kituo mmoja akibadili msimamo kwa kuona tu kalamu inatembea.

Akiwa ameumizwa

Matibabu kwanza, malalamiko baadaye. Fomu namba 3 ya polisi, PF3 kama wote tunavyoiita, hutolewa na polisi wenyewe, na hapo ndipo mtu aliyepigwa na askari anapokwama, kwa kuwa anaona haya au anaogopa kurudi kuiomba kwa waliompiga. Inaweza kutolewa na kituo kingine. Nenda kingine. Kama hali ni mbaya, mpeleke hospitali bila kuisubiri, iwe Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi, au Ndanda kwa watu wa upande wa Masasi, na mweleze daktari ukweli wote wa jinsi majeraha yalivyopatikana ili auandike kwenye cheti cha mgonjwa. Neno "alianguka" likishaingia kwenye cheti, halitoki. Piga picha za majeraha siku hiyo hiyo na tena siku ya tatu, kwa sababu michubuko huonekana vizuri zaidi ikishakomaa, na simu iliyopiga picha itunzwe hiyo hiyo, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ijiridhishe kwamba ushahidi wa kielektroniki haukuchezewa. Picha hizo usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Mpe wakili.

Naweza kuulizwa kwa nini nakazania sana vitu vidogo kama saa na picha. Mnamo Mei 25, 2020 huko Minneapolis, Marekani, askari mzungu alimkandamiza shingoni kwa goti George Floyd, mtu mweusi, mpaka akafa, na taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba mtuhumiwa alipatwa na tatizo la kiafya. Msichana mpita njia alikuwa amerekodi kwa simu. Mwaka uliofuata askari yule alitiwa hatiani kwa mauaji. Bila rekodi ile, karatasi ya kwanza ndiyo ingebaki kuwa kweli, na mawakili wote wa jimbo lile wasingekuwa na pa kushika.

Anapoulizwa "wewe ni wa wapi?"

Ubaguzi wa rangi kama ule wa Marekani si ndio unaotusumbua kila siku huku, lakini una ndugu yake. Watu wa kando ya Ruvuma wana shangazi, wajomba na mashamba pande zote mbili za mto, na tangu vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, zianze mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kushambuliwa Oktoba 2020, kijana anayezungumza Kimakonde chenye lafudhi ya ng'ambo, au mzee mwenye chale usoni, anaweza kusimamishwa na kuulizwa uraia wake kabla hajaulizwa jina. Ulinzi wa mpaka ni halali na una sababu. Lakini Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na katika kueleza maana ya kubagua inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, rangi, dini na jinsia, miongoni mwa mambo mengine. Lafudhi haitoshi kuwa sababu ya kumweka mtu ndani.

Kwa hali hii ushahidi unaofaa ni wa watu wa nyumbani. Mbali na NIDA na cheti cha kuzaliwa, ambavyo wazee wengi wa Nanyumbu na Tandahimba hawana vyote viwili, tafuta barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja wazazi wa mtu huyo walizaliwa wapi, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, kadi ya chama cha msingi, na mashahidi wawili wenye umri mkubwa kuliko wake. Swali la uraia hushughulikiwa na Uhamiaji, hivyo kama amebaki kituo cha polisi siku nzima bila kukabidhiwa kwao na bila kosa lingine kutajwa, hapo wakili ana jambo la kuuliza.

Wakili, msaidizi wa kisheria na kishoka

Mawakili wengi wa nchi hii wamejikusanya Dar es Salaam, na waliopo kwetu hukaa mijini, hivyo usipange mambo yako kana kwamba wakili atafika Liwale ndani ya saa moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria kwa sababu hiyo hasa. Tunaweza kukuelekeza, kukuandalia mtiririko wa matukio, kukusindikiza kituoni na kukuunganisha na wakili wa msaada; hatuwezi kusimama mahakamani kwa niaba yako, na haturuhusiwi kukutoza. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako anajua wasaidizi waliosajiliwa katika wilaya. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria inapopita mkoani, mpeleke mtu wako siku ya kwanza, maana siku ya mwisho foleni ya mashamba na mirathi humeza kila kitu.

Wakili wa kweli ana leseni ya mwaka husika, na mfumo wa Mahakama wa e-Wakili unakuwezesha kuhakiki jina lake. Vishoka, yaani mawakili bandia, hukaa nje ya mahakama na kwenye vibanda vya chapa, wana faili mkononi na lugha tamu, na dalili yao kubwa ni kusema "nipe ya hakimu". Wakili anayekwambia maneno hayo naye ni kishoka hata kama ana leseni, na malalamiko dhidi yake hupelekwa Kamati ya Mawakili au Chama cha Mawakili Tanganyika.

Ukimpata, mpe daftari kabla ya kumpa hadithi. Wakili aliyechukua kesi ya yule kijana kwa msaada alikaa na mama kwa dakika ishirini, akauliza maswali matatu tu, yote kuhusu saa. Mahakamani alipinga maelezo ya kukiri yasipokelewe. Hakimu akasikiliza pingamizi kwanza, askari akaulizwa aliyetafsiri "saa moja" ni nani, mjomba wa Masasi akaja na simu yake ambayo nayo ilionyesha 07:12. Maelezo yalikataliwa, na bila hayo kesi haikuwa na miguu. Sikusikia mtu yeyote akimtukana askari siku ile. Wakili mzuri katika mambo haya hufanya kazi kama fundi saa, na wale wanaopiga kelele kwa ajili ya kamera za simu nje ya jengo mara nyingi huwa hawajasoma jalada.

Kama ndugu yako hajulikani alipo, au muda umepita na hafikishwi mahakamani, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, inayohudumia mikoa yote miwili, itoe amri aletwe mbele yake. Ni njia ya haraka kuliko watu wanavyodhani, na kuwasilishwa kwake tu mara nyingi kumewafanya watu "wapatikane" usiku huo huo.

Kupeleka malalamiko juu ya askari

Anza kwa mkuu wa kituo, halafu mkuu wa polisi wa wilaya, halafu kamanda wa mkoa, kila mara kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nani, wapi, lini, saa ngapi, nini kilitendeka, unataka nini. Usiandike "askari wenu ni wauaji". Andika kwamba tarehe fulani, saa fulani, askari aliyevaa sare yenye namba fulani alimpiga ndugu yako kwa kirungu mguuni mbele ya mashahidi wawili uliowataja.

Wapo wanaosema haisaidii. Mwezi Januari 2022 askari polisi saba walifikishwa mahakamani Mtwara kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini, na mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani wawili kati yao. Familia iliyoendelea kuuliza kijana wao yuko wapi ndiyo iliyoanzisha safari ile. Tume ya Rais ya Haki Jinai, iliyozinduliwa Januari 31, 2023 chini ya Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti Julai 15 mwaka huo, ilipendekeza Jeshi la Polisi lisukwe upya. Mapendekezo hayo yanangoja utekelezaji wa wakubwa, na mawakili wana wajibu wa kuyakumbusha kwa hoja na kwa kesi; wewe barua yako haihitaji kuyangoja.

Nje ya polisi ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina tawi lake Lindi. Malalamiko hupokelewa bure, kwa maandishi au kwa mdomo, ila Tume haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo zungumza na wakili kwanza kuhusu kipi kitangulie. Ukitaka fidia, utaishtaki Serikali, na hapo sheria inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukitaka kufungua shauri la kikatiba la haki za msingi, marekebisho ya 2020 yalitaka uape kwamba jambo hilo limekugusa wewe binafsi, hivyo muulize wakili sharti hilo limefikia wapi.

Kokote utakakokwenda, toa nakala na ubaki na daftari lenyewe. Mama yule la kwake amelifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulitia ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu ya mchwa, na mjukuu wake amenunuliwa jingine la hesabu.